Stakabadhi zilizojirudia baada ya bamvua: kisa cha kuunganisha SQLAlchemy na Flask Pemba

Jina la ushirika, vijiji na watu waliohusika yameondolewa, pamoja na chochote kinachoweza kuwatambulisha. Mwenendo wa kiufundi umeachwa kama ulivyokuwa, kwa sababu ndio wenye faida kwa msomaji anayejenga mifumo ya namna hii.

## Mazingira

Ushirika uko kaskazini mwa Pemba na hununua mwani mkavu kwa wakulima wa vijiji kadhaa vya pwani. Wengi wa wakulima hao ni wanawake, kama ilivyo kwa kilimo cha mwani Zanzibar kwa jumla tangu kilipoanza kushika mwishoni mwa miaka ya 1980. Kazi yao hufuata maji. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na ndipo maji yanapokupwa mbali hadi vigingi na kamba vikafikika vizuri. Mwani huvunwa siku hizo, huanikwa siku mbili tatu kutegemea jua, kisha magunia humiminika kwenye mizani kwa pamoja. Maji mafu yakiingia, yaani siku ambazo maji hayakupwi mbali, karani anaweza kukaa na mizani yake asubuhi nzima akapimia watu wachache tu.

Mfumo ulitengenezwa ili karani wa kila kituo aandike kwenye simu au kompyuta: nani ameleta, aina gani, spinosum au cottonii, kilo ngapi, bei ya siku. Mfumo hutoa stakabadhi, na malipo hufanywa mwisho wa wiki kwa kufuata stakabadhi zilizomo. Kwa hiyo stakabadhi ikipotea, mtu hakulipwa jasho lake. Ikijirudia, ushirika umelipa mara mbili fedha ambazo ni za wanachama wenyewe. Nayasema haya mapema kwa sababu mjadala wa sesheni na miunganisho unaweza kuonekana wa mafundi peke yao, na hapa haukuwa hivyo hata kidogo.

## Mfumo ulivyojengwa

Mtengenezaji alikuwa kijana mmoja mwenye uwezo mzuri wa Python, lugha ya kuandikia programu. Alichagua Flask kwa upande wa wavuti, SQLAlchemy kwa kuongea na kanzidata, na PostgreSQL kama kanzidata yenyewe. Hakutumia Flask-SQLAlchemy, kiambatisho kinachofunga hivyo viwili pamoja. Sababu yake ilikuwa ya msingi: madarasa (sehemu za msimbo zinazoeleza kila aina ya rekodi) ya Mkulima, Kituo na Stakabadhi yalikuwa yameshaandikwa kwa ajili ya programu ya usiku inayokokotoa malipo, na programu ile haina wavuti ndani yake. Hakutaka kuifanya itegemee Flask bure.

Uamuzi huo ulikuwa sahihi, ila ulikuja na deni. SQLAlchemy ilitolewa mara ya kwanza 2006 na Mike Bayer. Flask ilikuja 2010 kutoka kwa Armin Ronacher. Ni kazi mbili za watu mbalimbali, na hakuna inayomjua mwenzake. Anayetumia Django, kiunzi kingine cha wavuti, hupewa ORM (sehemu inayogeuza rekodi za kanzidata kuwa vitu vya msimbo, kazi ambayo hapa ni ya SQLAlchemy) na kiunzi vikiwa vimeshaoana: ombi likianza na likimalizika, Django yenyewe huangalia miunganisho. Anayechukua Flask na SQLAlchemy tupu lazima aiandike ndoa hiyo kwa mkono wake. Asipoiandika, programu itafanya kazi bado, na hapo ndipo ugumu unapoanzia.

Katika toleo la kwanza, sesheni moja ya SQLAlchemy, yaani kikao cha mazungumzo na kanzidata, ilifunguliwa juu kabisa ya faili la madarasa, na kila ukurasa ukaitumia hiyo hiyo. Bei za siku zilisomwa mara moja seva inapowaka, zikawekwa kwenye kamusi ya Python katika faili lile lile. Seva ilikuwa Gunicorn, programu inayopokea maombi ya wavuti na kuyapeleka kwa Flask, yenye michakato miwili (nakala mbili za mfumo zinazokimbia sambamba), kila mmoja ukishughulikia ombi moja kwa wakati.

## Mambo yalivyofuatana

Dalili ya kwanza iligunduliwa na karani wa makamo ambaye hajui lolote kuhusu sesheni, lakini bei anazijua. Alimpigia simu kijana: "Mwanangu, mbona bei inacheza? Nikifungua hivi naona ya jana, nikifungua tena naona ya leo. Hawa wenzangu niwaambie ipi?"

Alikuwa akieleza kwa usahihi kabisa tabia ya sesheni inayoishi kupita kiasi. Sesheni ya SQLAlchemy hukumbuka kila kitu ilichokipakia maadamu kuna mahali kinaposhikiliwa, na hapa kamusi ya bei ilikuwa imevishikilia vitu vyote vya bei. Mratibu alipobadilisha bei, mabadiliko yaliingia kwenye kanzidata. Mchakato uliokuwa umethibitisha muamala (kundi la mabadiliko linaloingia lote au lisiingie kabisa) karibuni ulizisoma bei upya, kwa kuwa baada ya `commit()`, amri ya kuthibitisha, sesheni huhesabu vyote ilivyonavyo kuwa vimechakaa. Mchakato wa pili, ambao ulikuwa unaonyesha kurasa tu bila kuhifadhi kitu, uliendelea kushika bei ya jana. Ombi la karani likiangukia mchakato huu, bei hii. Likiangukia ule, bei ile.

Dalili ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Karani mmoja akimsajili mkulima kwa namba iliyokwisha kutumika, kanzidata huikataa, jambo ambalo ni haki yake. Lakini hakuna aliyeita `rollback()`, amri ya kurudisha nyuma muamala ulioshindwa, na sesheni ilikuwa ya wote. Kuanzia hapo kila ombi lililofika kwenye mchakato ule lilipata kosa la `PendingRollbackError`, hata la karani wa kijiji kingine asiyehusika, mpaka mtu aiwashe seva upya.

Kijana alifanya utafiti na kubadilisha mambo mawili kwa pamoja. Aliacha sesheni ya pamoja akaweka `scoped_session`, ambayo humpa kila thredi (mkondo wa kazi ndani ya mchakato, unaoshughulikia ombi lake) sesheni yake. Kisha, kwa kuwa vituo vilikuwa vinaongezeka, aliigeuza Gunicorn kila mchakato uwe na thredi 24. Hitilafu zile mbili zikatulia. Bei haikucheza tena, ingawa sasa ilikuwa haibadiliki kabisa hadi seva iwashwe upya, na mratibu akazoea kuomba seva iwashwe kila bei inapopanda. Maji mafu yalipita salama, na watu wakaamini tatizo limekwisha.

Magunia ya bamvua iliyofuata yakaja. Katikati ya asubuhi kurasa zikaanza kukwama karibu nusu dakika, kisha kosa. Makarani walibonyeza "Hifadhi" tena na tena. Jioni, walipolinganisha na daftari la mkono, walikuta stakabadhi kadhaa zimeingia mara mbili na moja mara tatu: mkulima yule yule, kilo zile zile, dakika chache kati yao.

## Uchunguzi

Niliitwa hapo. Pendekezo lililokuwa mezani lilikuwa kukodi seva kubwa zaidi. Niliomba tusilipe chochote kabla ya kusoma kumbukumbu za seva, na kumbukumbu zilikuwa na jibu: makosa yote yalitaja hodhi la miunganisho, yaani akiba ya miunganisho ya kanzidata ambayo maombi huazima na kurudisha: ukubwa 5, nyongeza 10, kusubiri sekunde 30. Hizo ndizo namba ambazo SQLAlchemy huja nazo usipozigusa. Kila mchakato unaweza kuwa na miunganisho 15 kwa pamoja, na ombi linalokosa nafasi husubiri sekunde 30 kabla ya kufa.

Upande wa PostgreSQL, orodha ya `pg_stat_activity` ilionyesha miunganisho mingi ikiwa katika hali ya `idle in transaction`: imefungua muamala, haifanyi kitu, na haiachii. Seva haikuwa imeelemewa. Ilikuwa imeshikwa.

Mnyororo wake ulikuwa hivi. `scoped_session` huipa thredi sesheni, lakini haijui ombi la wavuti linaisha lini. Sesheni huchukua muunganisho inapouliza kitu kwa mara ya kwanza, na huurudisha muamala unapothibitishwa, kurudishwa nyuma, au sesheni inapofungwa. Ukurasa unaohifadhi huita `commit()`, kwa hiyo hurudisha. Ukurasa unaosoma tu hauiti chochote. Jibu likishatumwa kwa karani, thredi inapumzika huku muunganisho uko mkononi mwake.

Sasa kwa nini maji mafu yalipita salama? Kwa sababu Gunicorn haiundi thredi zote 24 kwa mkupuo. Huunda mpya pale tu ambapo hakuna iliyo huru. Siku za maji mafu thredi chache zilitosha, na kila moja ilishika muunganisho wake na kuutumia tena. Magunia yalipomiminika, thredi zikaongezeka. Muunganisho mmoja ulikuwa umeshikwa tangu seva kuwaka na ile sesheni iliyosoma bei, kwa hiyo ilibaki 14. Thredi ya 15 haikuwa na chake.

Bado hilo halikueleza stakabadhi zilizojirudia. Ombi lililokosa muunganisho haliwezi kuhifadhi kitu, sasa marudio yalitoka wapi? Hapa tulikaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote, na nawasihi wanaojenga mifumo ya fedha wapasome pole pole.

Ukurasa wa kuhifadhi ulikuwa ukifanya mambo kwa mpangilio huu: kuunda stakabadhi, kuita `commit()`, kisha kuonyesha stakabadhi kwenye kiolezo ili karani aione. `commit()` ilifanikiwa na stakabadhi ikaingia. Wakati huo huo muunganisho ukarudi kwenye hodhi, na palepale thredi nyingine iliyokuwa ikisubiri ikaunyakua. Kiolezo kilipotaka kuandika namba ya stakabadhi na kilo zake, sesheni ilikuwa imeshavichakaza vyote baada ya kuthibitisha, ikahitaji kuvisoma upya, na kwa kuvisoma ikahitaji muunganisho. Hakuna. Sekunde 30, kosa. Karani akaambiwa imeshindikana ilhali fedha za mkulima zilikuwa zimeshaandikwa. Akafanya alichotakiwa kufanya mtu mwaminifu: akajaribu tena.

## Maamuzi

La kwanza lilikuwa kufungamanisha maisha ya sesheni na maisha ya ombi. Flask hutoa mahali rasmi pa kufanyia hivyo, na msimbo wenyewe ni huu:

```
@app.teardown_appcontext
def funga_sesheni(kosa):
    Sesheni.remove()
```

Flask huiita fanksheni hii kila ombi linapomalizika, liwe limefaulu au limekufa njiani. `remove()` hufunga sesheni ya thredi ile, hurudisha nyuma kilichobaki bila kuthibitishwa, na muunganisho hurudi kwenye hodhi. Kwa mistari hii, tatizo la bamvua na lile la `PendingRollbackError` yanatibiwa mahali pamoja.

Kuongeza ukubwa wa hodhi tulikukataa kwa wakati ule. PostgreSQL huja na kikomo cha miunganisho 100, na ingeonekana kuna nafasi tele. Lakini kumpa kila thredi muunganisho wa kudumu kungeficha uvujaji mpaka siku vituo vitakapoongezeka tena. Seva kubwa nayo tuliiahirisha kwa hoja hiyo hiyo.

Kuhusu marudio, wengine walipendelea kuweka `expire_on_commit=False` ili sesheni isichakaze vitu baada ya kuthibitisha. Ingesaidia, ila ingegusa kila ukurasa wa mfumo, na wakati huo tulitaka data iliyochakaa iondoke, isije ikapata njia nyingine. Tulichofanya ni kuita `flush()` kwanza, ambayo hutuma mabadiliko kwenye kanzidata bila kuyathibitisha, kuchukua namba ya stakabadhi ikiwa muamala bado wazi, ndipo `commit()`, kisha kumwelekeza karani kwenye ukurasa mwingine wa kuisoma stakabadhi. Ombi la kuhifadhi halisomi tena kitu baada ya kuthibitisha. Ukurasa wa kusoma ukikwama, karani anaufungua upya bila kuhifadhi mara ya pili.

Hata hivyo mtandao wa simu pwani unaweza kukatika katikati, kwa hiyo tuliongeza kinga ndani ya kanzidata yenyewe. Kila fomu inapofunguliwa hupewa kitambulisho chake cha nasibu, na safu ya kitambulisho hicho hairuhusu kurudiwa. Fomu ile ile ikitumwa mara ya pili, kanzidata hukataa, programu hurudisha nyuma muamala, na karani hupelekwa kwenye stakabadhi iliyokwisha kuandikwa. Kati ya yote tuliyofanya, hili ndilo ambalo nisingekubali mfumo wowote wa malipo uende hewani bila ya kuwa nalo.

Kamusi ya bei iliondolewa. Bei sasa husomwa ombi linapohitaji, na huandikwa ndani ya stakabadhi yenyewe, ili bei ikipanda kesho stakabadhi ya leo isibadilike.

Yalibaki mawili madogo. Ukurasa wa stakabadhi za siku ulikuwa unauliza kanzidata upya kwa kila mstari: stakabadhi 200 za wakulima 200 ni ulizo moja la orodha, na jingine kwa kila mkulima. Tuliweka `joinedload`, inayovuta rekodi husika ndani ya ulizo lile lile, kwa mkulima na kituo, ikawa ulizo moja. Na ripoti inayopakuliwa kama faili ilikuwa inatiririshwa kidogo kidogo, yaani msimbo wake huendelea baada ya Flask kuhesabu ombi limekwisha. Ungeachwa hivyo, ungefungua sesheni mpya baada ya ile ya kwanza kufungwa, na uvujaji ungerudi kwa mlango wa nyuma. `stream_with_context` ya Flask huuweka muktadha wa ombi wazi mpaka mstari wa mwisho utoke.

## Matokeo

Kabla ya bamvua nyingine tuliandika jaribio la mzigo linalotuma maombi mengi kwa pamoja kuliko thredi zilizopo, mengi yakiwa ya kusoma tu, na likahesabu miunganisho iliyo nje ya hodhi jaribio linapokwisha. Kwa msimbo wa zamani hesabu ilibaki juu. Kwa mpya ilirudi sifuri. Magunia yalipokuja, kurasa hazikukwama na daftari la mkono lililingana na mfumo. Seva ni ile ile ya mwanzo.

Stakabadhi zilizojirudia zilifutwa na mratibu akiwa na daftari mbele yake, moja moja, na mkulima mhusika akaitwa pale palipokuwa na shaka. Tulikataa kuandika programu ya kuzifuta zenyewe. Mkulima anaweza kweli kuleta magunia mawili yenye uzito sawa asubuhi moja, na hakuna msimbo unaoweza kulitambua hilo kutoka kwenye jedwali.

## Uchambuzi

Kilichofaa zaidi, kwa maoni yangu, kilikuwepo kabla hatujafika: daftari la mkono. Bila daftari, marudio yale yangelipwa na pengine yasingejulikana kamwe. Ushirika umeamua liendelee kuandikwa, na nauunga mkono.

Kuendelea na SQLAlchemy tupu kumethibitika kuwa chaguo zuri pia. Programu ya usiku inatumia madarasa yale yale bila kuijua Flask, na hufungua sesheni yake kwa `with`, inayojifunga kazi ikiisha. Kwa mfumo usio na programu za pembeni, ningeshauri Flask-SQLAlchemy moja kwa moja, kwa kuwa yenyewe hufunga sesheni mwisho wa ombi.

Kilichofeli ni kubadilisha mambo mawili kwa siku moja. `scoped_session` ikiwa na thredi moja kwa kila mchakato isingeweza kulijaza hodhi. Thredi 24 pamoja na sesheni inayofungwa zingeweza kulijaza kwa muda mfupi tu. Zilipoingia pamoja, kila moja ilificha kasoro ya mwenzake mpaka mzigo ukaja.

Vipimo vya awali navyo vilipita vyote, na visingeweza kufanya vingine: vilitumia SQLite, kanzidata ndogo, ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, ombi moja baada ya jingine, thredi moja. Kosa la aina hii halina pa kujitokezea katika mazingira hayo. Sasa vipimo vinatumia PostgreSQL, na kila kipimo cha ukurasa hukagua mwishoni kwamba hakuna muunganisho uliobaki nje.

Tumeweka pia `idle_in_transaction_session_timeout` ya dakika moja kwenye PostgreSQL, ili muunganisho wowote utakaosahaulika ukatwe na kanzidata yenyewe. Kikomo hicho hakijahitajika bado kwenye kurasa za wavuti. Kwenye programu ya usiku kilikata muamala mara ya kwanza tu ilipokimbia, kwa sababu ilikuwa inaufungua, inakwenda kuongea na huduma ya malipo, kisha inarudi kuendelea. Sehemu hiyo inaandikwa upya ili isome kwanza, ifunge, ilipe, ndipo ifungue muamala mwingine wa kuandika matokeo.